Mkutubi Aliyeupanga Mtandao

Ukimwuliza kitu kilipo, alikasirika. Hakukukasirikia wewe, alijikasirikia mwenyewe. Uliingia maktaba ya kampuni, chumba kirefu chenye madirisha ya nondo nyuma ya bohari la mabati kule Chang'ombe, ukasema, "Shikamoo mama, samahani, natafuta maelekezo ya kuchanganya rangi za mafuta." Naye alivua miwani, akakutazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, kisha akakuuliza, "Marahaba. Ulianza kutafuta wapi?"

Ulimwonyesha.

"Kwa nini pale?"

Ulimweleza. Kesho yake ukipita, ulikuta maelekezo yale yamehamia pale pale ulipoanzia kutafuta.

"Mie sipangi vitu vinapopendeza," alisema. "Navipanga mkono wa mtu unapokwenda wenyewe."

Sote tulimwita Mkutubi, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo, na hata alipopewa cheo kingine chenye maneno mengi hakuna aliyehangaika kukikariri. Kampuni yetu iliuza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, mabomba, rangi. Zamani ilikuwa shirika la umma, na maktaba ile ilibaki tangu enzi hizo. Katikati ya miaka ya tisini kampuni ikauzwa kwa watu binafsi, wakati ambao kila ukipita Kimara au Mbagala unakuta mtu kasimama shambani anaelekeza mafundi wachimbe msingi wapi. Bidhaa ziliingia bandarini usiku na mchana, bei zilibadilika kila kukicha, na wenye mali wapya wakaniajiri mimi nifunge kompyuta ofisi zote na kuziunganisha. Kwa kuwa siku za mwanzo nilionekana nimebeba roli za nyaya begani tu, Mkutubi alinibatiza Bwana Waya.

Alikuwa mwanamke mrefu, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na khanga haikukosa begani juu ya gauni lake la ofisi. Mdomoni alitafuna iliki. Unyenyekevu hakuwa nao hata kidogo. Ukimbishia kuhusu kazi yake alikukatiza: "Mie nimesomea hii kazi, bwana, sikuokotwa." Na kweli alikuwa na stashahada ya ukutubi, ameitundika ukutani mahali ambapo lazima uione ukitaka kuona saa.

Alikuwa msemaji kupita kiasi. Akianza kukusimulia harusi ya jirani yake Tandika, chai yako ilipoa, ikanywewa na mwingine. Lakini vibao alivyobandika kwenye makabati havikuzidi maneno mawili. Nilipomuuliza iweje mtu wa maneno mengi hivyo aandike machache hivyo, alicheka. "Mdomo ni wangu. Kabati ni la watu."

Nyumbani kwake nilikwenda mara ya kwanza siku ya Idi, na mpaka leo nikikumbuka nacheka. Mkasi ulikuwa ndani ya kopo la sukari. Pasi ilikaa juu ya Kurani ya watoto, mpaka mama mkwe wake akapiga kelele ikaondolewa. Funguo za mlango wa uani zilitafutwa na ukoo mzima, zikaonekana mfukoni mwa koti la mumewe, ambaye alikuwa safarini Tanga. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye unayetupanga sisi?"

"Ofisini napanga," akajibu huku anapakua pilau. "Nyumbani napumzika. Kula."

Kompyuta hakuzipenda. Alichapa kwa kidole kimoja, na alidai skrini zinampandisha joto la mwili. Alizichukulia kama wapagazi wa stendi. "Hawa kazi yao kubeba," aliniambia siku nilipomfungia ya kwake. "Wanabeba haraka, sikatai. Lakini mzigo unakwenda wapi, hilo halimhusu mpagazi. Linatuhusu sie."

Maneno hayo sikuyatilia maanani mpaka siku ya mkutano.

Mkurugenzi mpya alikuwa mtu mtulivu asiyependa hotuba. Alitukusanya bwaloni akatueleza mambo mawili. La kwanza, kampuni itakuwa na mtandao wake wa ndani, ili kila mwenye kompyuta, awe makao makuu Chang'ombe au kwenye bohari letu la Kimara, aone bei, akiba ya mali, taratibu za kazi na fomu zote bila kupiga simu wala kutuma mtu. La pili, alilisema akitazama meza. Maktaba itafungwa, chumba kile kitakuwa stoo ya vigae, na baadhi ya wafanyakazi wa zamani watapunguzwa mwisho wa mwaka. Hakutaja majina. Hakukuwa na haja, macho yote yalikwenda alikokaa Mkutubi.

Kazi ya kuupanga mtandao ilipewa Mhasibu Mkuu, kijana nadhifu aliyekuja na wenye mali wapya. Akatundika mchoro wake ukutani: idara ya fedha juu, chini yake mauzo, bohari, utumishi, usafirishaji, na kila idara na vitu vyake. Ulikuwa mchoro mzuri. Mimi ningeweza kuujenga haraka bila shida yoyote.

Mkutubi akasimama bila kupewa nafasi.

"Mheshimiwa, swali. Juzi juzi hapa mauzo na usafirishaji ilikuwa idara moja. Mkaitenganisha. Sasa tunasikia usafirishaji utakwenda bohari. Mtu akijifunza njia leo, mkibadilisha idara tunamfundisha upya?"

"Mama," alisema Mhasibu kwa upole, "hii ni teknolojia. Siyo vitabu."

"Ndiyo maana nauliza mapema. Kitabu nakihamisha kwa mkono. Hicho chenu mkishakijenga vibaya, atakihamisha nani?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Akasema, "Tuna mkutano wa matawi kabla ya kufunga mwaka. Lete mpango wako siku hiyo. Tutatazama yote miwili."

Tulipotoka nilimkuta nyuma ya bohari, ameegemea rundo la mabati, kashikilia kifundo cha khanga. Nilidhani nitamkuta anatamba.

"Bwana Waya," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "nimesema nini mie mbele za watu?"

"Umesema kweli, mama."

"Kweli bila kazi itanipeleka nyumbani." Akavuta pumzi, akajifunga khanga upya. "Haya. Kesho uje na mimi Kimara."

Hivyo ndivyo nilivyomjua hasa, katika miezi ile. Hakukaa mezani kuchora. Alizunguka. Alikaa na walinzi getini, na makarani wa mauzo, na madereva wakiwa chini ya malori yao. Swali lake lilikuwa moja: ukifika asubuhi, unatafuta nini kwanza?

Mtunza bohari wa Kimara, mzee wa Kipare mwenye dharau zake, alimjibu, "Chai."

"Na baada ya chai?"

"Natafuta nani kachukua chai yangu."

"Na ukishampata?"

Mzee akashindwa kujizuia, akacheka, akavuta kiti. Asubuhi nzima akatueleza mambo ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza: namna anavyopigiwa simu na makao makuu waulize idadi ya mabomba aliyokwisha kuwaandikia jana, namna wauzaji wawili wanavyomnukulia mteja mmoja bei mbili kwa sababu kila mmoja ana karatasi yake.

Bei mbili zile zilimwuma Mkutubi kuliko jambo lolote. Njia nzima ya kurudi mjini alikuwa akizirudia. "Kitu kikikaa sehemu mbili, Bwana Waya, iko siku sehemu moja itasema uongo. Kila kitu kikae mahali pamoja tu. Anayetaka kukionyesha kwingine, aweke mlango wa kuja pale, asiweke nakala."

Kisha ikaja kazi ya maboksi. Alikatakata maboksi ya vigae yakawa vipande vya ukubwa wa kiganja, juu ya kila kimoja akaandika kitu ambacho watu walimwambia wanakitafuta: bei ya saruji, fomu ya likizo, ramani ya njia, namba ya simu ya wakala wa Morogoro, mshahara, ajali, sare. Saa ya chakula alivimwaga vyote kwenye sakafu ya bwalo na kumwambia kila anayepita, "Hebu vikusanye. Vinavyofanana viweke pamoja, upe kila kundi jina."

Mama anayetupikia alilalamika kwamba watu wanachutama sakafuni chakula kinapoa. Siku ya pili na yeye alikuwa kachutama, mwiko mkononi, anabishana na dereva kuhusu mahali pa kuweka ajali.

Palikuwa na ubishi mkali kuhusu fomu ya likizo. Walinzi waliiweka kwenye mshahara, makarani kwenye utumishi. Ndipo mpiga chapa mmoja, dada mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akitoa hoja, akakusanya likizo, mshahara, matibabu na sare, akaviweka kifuani. "Haya yote ni mambo yangu," akasema. "Mie sijui idara. Mie najua ni mambo yangu."

Mkutubi alipiga kofi la furaha lililogeuza vichwa bwalo zima. Hapo hapo akaandika kwenye kipande kipya: Mambo Yangu.

Ndivyo milango yote ya kuingilia mtandao ilivyopatikana. Kuuza. Kununua. Kuhifadhi. Kupeleka. Watu. Mambo Yangu. Hapakuwa na idara hata moja. Idara, alisema, ni vyeo, na kila mkurugenzi anayekuja huja na vyake, lakini maadamu kampuni ipo kutakuwa na mtu anayeuza na mwingine anayepeleka. Nilimuuliza itakuwaje siku kampuni ikianza kutengeneza vitu badala ya kuuza tu.

"Tutaongeza Kutengeneza," akajibu, kana kwamba nimeuliza wali unaliwa na nini.

Vile vipande alitaka kuvipandisha ukutani ili watu wauone mpango mzima, basi tukaenda Keko kwa fundi seremala anayemfahamu. Akamwagiza ubao mkubwa wenye safu za misumari ya kutundikia. Fundi akavihesabu vipande, akapima, akasema ubao wa nusu ya hapo unatosha.

"Sitaki unaotosha," Mkutubi akamwambia.

"Mama, nusu ya ubao itakaa tupu."

"Leo. Itakaa tupu leo."

Fundi akanigeukia mimi nimsaidie. Nikatazama pembeni. Ubao ukatengenezwa mkubwa, ukabebwa na mkokoteni mpaka Chang'ombe.

Siku ya mkutano wa matawi nilikuwa nimejenga mipango yote miwili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kwa uaminifu ule ule. Mhasibu alieleza wa kwake vizuri. Zamu ya Mkutubi ilipofika, sote tulijiandaa kwa hotuba ndefu. Hakutoa. Alisema, "Mie sina la kueleza. Nileteeni watu ambao hawajauona hata mpango mmoja."

Wakaletwa muuzaji, karani wa bohari na dereva wa lori, bwana mmoja mwenye mikono mipana ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Walipewa kazi zile zile kwenye kila mpango. Muuzaji na karani walihangaika kidogo huku na huku, wakapata. Wa mwisho alikuwa dereva. Akaambiwa atafute fomu ya likizo.

Kwenye mpango wa idara alibonyeza usafirishaji, kwa kuwa yeye ni dereva. Haikuwepo. Akabonyeza fedha, kwa kuwa likizo ina malipo. Haikuwepo. Jasho likaanza kumtoka. Mhasibu hakuvumilia, akasema, "Utumishi, braza, utumishi!"

"Usimsaidie," akasema Mkutubi. "Kimara hutakuwepo."

Dereva akahamia kompyuta ya pili. Akasoma milango polepole, midomo ikicheza. Kidole chake kikasimama kwenye Mambo Yangu. Akabonyeza. Akaiona likizo pale pale, na akaruka na kiti. "Hii hapa! Hii hapa, jamani!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi, wengine wakagonga meza, mtunza bohari wa Kimara akasimama na kupunga kofia yake kama yuko uwanja wa mpira.

Mhasibu alisubiri kelele zitulie. Namsifu kwa hilo, hakununa. Aliuliza, "Na mimi nikitaka hesabu za mauzo ya mwezi?"

"Kaa ujaribu."

Akakaa. Akatazama, akabonyeza Kuuza, kisha mara nyingine, hesabu zikafunguka mbele yake. Alizipitia, halafu akasema, "Haya, mama. Haya." Akasimama, akampa mkono.

Mkurugenzi alisema maneno machache kama kawaida yake. Vigae vitafutiwe chumba kingine. Mkutubi hapunguzwi. Mtandao ni wake kuusimamia, na mimi nitafanya atakavyo. Nilimtazama Mkutubi nikitegemea kelele. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na yule dada mpiga chapa kamshika mkono.

Usidhani baada ya hapo alikuwa malaika. Alikuwa mkali mpaka watu wakimwona kwenye korido wanageuza njia. Aliweka sharti kwamba hakuna kufungua mlango mpya bila kumweleza kwa nini milango iliyopo haifai, na kwamba kila ukurasa uwe na jina la mtu anayeutunza, na huyo akihama amtaje wa kumrithi. Mkuu wa mauzo akafungua mlango wake kinyemela kutangaza harusi ya bintiye. Mkutubi akaufuta asubuhi hiyo hiyo. Bwana yule alimnunia, salamu ikakatika. Lakini kumbe Mkutubi tayari alikuwa ameshatengeneza sehemu ndani ya Watu, kaiita Shughuli, na tangazo la harusi likawa la kwanza kuingia. Siku ya harusi yenyewe ndiye aliyesimamia masufuria ya pilau, na wakati wa kucheza alimburuta baba wa bibi harusi mpaka katikati ya ukumbi. Wakapatana hapo hapo, kwa jasho.

Kisha ukaja ununuzi wa kiwanda cha rangi.

Kampuni ilikinunua kiwanda kilichokuwa kinasuasua, na pamoja nacho ikapata wafanyakazi wapya na matawi Mwanza na Mbeya. Idara zikavunjwa, zikaunganishwa, zikavunjwa tena. Vibao vya milangoni vilibadilishwa mpaka fundi wa vibao akawa anakuja na chai yake. Mhasibu mwenyewe alipewa cheo kipya na chumba kipya, na alikuwa anakikosea. Wakuu wa kiwanda walituuliza tutahitaji muda gani kuupanga upya mtandao.

Mkutubi akaenda kwenye ubao wa Keko, pale palipokuwa tupu, akatundika kipande kimoja: Kutengeneza. Chini yake akatundika vya rangi. Basi. Nami nikafanya vivyo hivyo kwenye kompyuta. Kuuza ikabaki Kuuza, Kupeleka ikabaki Kupeleka, na wauzaji wetu wa Kimara hawakujua kwamba kuna jambo limetokea, ila waliona kuna rangi nyingi zaidi za kuuza.

Wiki ile Mwanza walipounganishwa, simu ya maktaba ililia. Alikuwa fundi wa kule, mtu ambaye hakupewa mafunzo yoyote. Mkutubi akaanza kukunja uso, akidhani anakuja kuulizwa kitu kilipo. Kumbe yule bwana alipiga kushukuru. Fomu yake ya likizo kaipata mwenyewe, kaijaza, imekwisha kubaliwa.

Mhasibu alikuja jioni hiyo na chupa za soda kwa wote watatu. Akakaa kwenye kiti cha wasomaji. "Mama, uliliona hili kabla," akasema.

"Sikuona kitu. Mie si mganga," Mkutubi akajibu. "Niliacha nafasi tu." Lakini alikuwa anatabasamu mpaka iliki ikaonekana.

Alistaafu miaka michache baadaye, kwa sherehe ambayo watu wa matawi yote walichangia. Sikumwona tena kwa muda mrefu, mpaka siku nilipokwenda kukagua duka letu jipya la Chanika, kule mashamba ya mihogo yalikokuwa yanageuka viwanja. Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa kaunta, kanenepa zaidi, mvi zimechungulia kwenye ushungi, anagombania bei ya mabati ya nyumba yake.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, Bwana Waya! Hujafa?" Akanikumbatia, akarudi kwenye ugomvi wake.

Muuzaji alikuwa binti mdogo, mwepesi wa mikono. Huku anamjibu, vidole vyake vilikuwa vinabonyeza: bei hii hapa, rangi anayotaka iko Kimara, lori linakuja huku kesho asubuhi, mama atapenda mabati yashushwe wapi? Mkutubi aliinama akachungulia skrini. Milango yake yote ilikuwepo, na kati yake ulikuwepo mmoja ambao hakuuweka yeye wala mimi: Kurekebisha, kwa wateja wenye mali iliyoharibika. Ulikaa mahali pake barabara. Jina neno moja. Chini yake jina la mtu anayeutunza.

"Huu nani kauweka?"

"Sijui, mama. Niliukuta."

Akavimba kifua. Nilimjua, sasa atajitamba, na ana haki yake. "Binti," akasema, "unajua nani aliyekipanga chote hicho unachokitumia?"

Binti akatazama skrini, kisha akamtazama yeye, hajaelewa swali.

"Kwani hakikuja na kompyuta?"

Mkutubi akaangua kicheko ambacho lazima kilisikika barabarani. Alicheka akajishika kiuno, akarudi nyuma, akakaa juu ya mifuko ya saruji, machozi yanamtoka, anapiga paja. Wateja wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini. Binti alitaka kuomba radhi, nikamwashiria aache.

"Kimekuja na kompyuta!" Mkutubi akaniambia, akinishika mkono kwa nguvu, uso unang'aa. "Umesikia, Bwana Waya? Kimekuja na kompyuta!"

Akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, akasimama, akalipa mabati yake bila kugombana tena, na akatoka nje akimsimulia kila aliyemkuta mlangoni.